UZI: Kompyuta mbili, skrini moja, kibodi moja. Pitieni hapa kabla hamjanunua kiboksi

#1 Waya_Chini_ya_Meza

Salaam wakuu,

Nimeshawaahidi watu kwenye nyuzi tofauti kwamba hili jambo nitaliandika kwa kituo. Leo nimepata nafasi, vuteni viti.

Mezani kwangu kuna mashine mbili: kompyuta yangu ya mezani na laptopu ya kazini. Skrini ni moja, inchi 27, 4K. Kibodi ni moja, ile ya kubonyea kwa kelele, vidole vimeshaizoea havitaki nyingine. Meza ni ndogo, seti mbili hazikai. Kwa hiyo karibu mwaka mzima maisha yalikuwa kuchomoa na kuchomeka. Asubuhi nyaya tatu zinahamia laptopu, jioni zinarudi, na mimi nimeinama uvunguni nikipapasa matundu kama mtu aliyedondosha sindano. USB nayo mnaijua tabia yake, unaigeuza mara mbili halafu inaingia kwa upande uleule uliojaribu mwanzo. Mwishowe tundu la HDMI la laptopu likalegea, ukigusa meza tu picha inakatika. Hapo nikasema basi.

Nikanunua kiboksi cha KVM. Kwa wasiokijua: herufi hizo ni kibodi, video na mausi kwa Kiingereza. Nyuma unachomeka kompyuta ya kwanza na ya pili, upande wa pili unachomeka kibodi, mausi na skrini, juu kuna kitufe. Ukibonyeza, vyote vitatu vinahamia kompyuta nyingine. Kifaa cha zamani hiki, wenye seva walikuwa nacho tangu enzi za VGA, ule waya wa picha wa zamani, na yale matundu ya duara ya kibodi na mausi, zambarau na kijani.

Nikafunga, nikabonyeza, kikahama. Nikacheka peke yangu. Furaha ilidumu kama dakika kumi.

La kwanza lilikuwa mausi. Mshale ukawa unaburuta, kama unatembea kwenye tope. Nikabadilisha betri, nikabadilisha hata mausi yenyewe. Kumbe tatizo ni picha: mfumo ulikuwa unaonyesha 4K kwa Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde, nusu ya nilichozoea. Kiboksi kilikuwa cha HDMI 1.4, na hiyo inabeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, haifiki 4K ya Hz 60. Kwa Hz 60 unahitaji HDMI 2.0 ya gigabiti 18. Kwenye boksi waliandika "4K" kwa herufi za kuonekana hata ukiwa nje ya duka, "30Hz" ikawekwa ubavuni karibu na alama ya kutupa taka. Hawakudanganya, ila walijua wanachofanya.

Nikarudisha, nikaongeza hela, nikachukua cha 2.0. Hapo nikakutana na la pili, lililonitoa jasho kuliko yote. Nikiwa kwenye laptopu nina madirisha saba yamepangwa vizuri, barua upande huu, jedwali upande ule. Nikihamia kompyuta ya mezani kwa dakika mbili na kurudi, nakuta yote saba yamerundikana pembeni, madogo madogo, kama nguo zilizoangushwa kutoka kwenye kamba. Kila mara. Kwa siku mara ishirini.

Sababu yake nimeitafuta mpaka nikaielewa. Skrini ikichomekwa huwa inajitambulisha kwa kompyuta. Inatuma kadi fupi inaitwa EDID, msingi wake ni baiti 128 tu, ndani yake kuna jina la skrini, ukubwa wa picha inazokubali na kasi zake. Kompyuta ikisoma kadi hiyo ndipo inajua imtumie mgeni picha gani. Sasa kiboksi rahisi ukikibonyeza kinakata kila kitu upande unaouacha. Laptopu inaona skrini imeng'olewa, inakusanya madirisha yote na kuyaleta kwenye kioo chake kidogo. Ukirudi, kwake ni skrini mpya imechomekwa. Viboksi vya maana vinashikilia nakala ya ile kadi na kuendelea kuionyesha kompyuta uliyoiacha, kwa hiyo yenyewe inadhani skrini bado ipo. Hicho ndicho unacholipia kwenye kiboksi ghali. Changu hakikuwa nacho.

La tatu dogo lakini linakera: kirungu cha sauti kwenye kibodi yangu kikafa, na vitufe viwili vya ubavuni mwa mausi vikafa. Vyote vinaandika na kubofya kama kawaida, ila ziada zote zimekwenda. Nitarudi hapo, au kuna mdau atanisaidia maana najua kuna sababu ya kihistoria.

Siku moja nafuta vumbi nyuma ya skrini. Mgongoni mwa skrini hiyohiyo, niliyoishi nayo miaka miwili, kuna matundu mawili ya HDMI na moja la DisplayPort. Matatu! Mimi nilikuwa natumia moja na kupigana na dunia.

Basi nikafanya hivi. Kompyuta ya mezani ikaingia kwenye skrini moja kwa moja kwa waya wake. Laptopu nayo kwa waya wake. Picha haipiti kwenye kiboksi chochote. Kisha nikanunua swichi ya USB tupu, kidude kidogo kisicho na habari ya picha, matundu mawili ya kwenda kwenye kompyuta na manne ya vifaa, kitufe juu. Kibodi na mausi hapo. Kwa kuwa kinapitisha USB kama ilivyo bila kuigusa, kirungu cha sauti kikafufuka na vitufe vya mausi vikafufuka. Na kwa skrini yangu madirisha hayahami tena, kwa sababu tundu ambalo halionyeshi picha kwa wakati huo bado linajitambulisha kwa kompyuta. (Skrini nyingine hazifanyi hivyo, hasa kwenye DisplayPort. Jaribuni kwanza: badilisha tundu kwa kitufe cha skrini, rudi, tazama madirisha.)

Gharama yake ni kwamba sasa nabonyeza mara mbili, kitufe cha swichi na kitufe cha skrini. Naikubali.

Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki. Kugawana kibodi na mausi ni kazi nyepesi, ni data kidogo mno. Kugawana picha ndiko kunakotia ugumu na kupandisha bei. Kabla hujanunua kiboksi cha kubeba vyote vitatu, geuza skrini yako uangalie mgongo wake.

Maswali karibuni.

#2 Kasuku_wa_Usiku

Nimeacha kusoma katikati nikaenda kugeuza skrini. HDMI moja, DisplayPort moja. Nina KVM ya mwaka jana hapa inanitazama tu. Mkuu ungeandika mapema.

#3 Mama_Faili

Asante mtoa mada, umeeleza vizuri. Naomba kuuliza. Mimi nina laptopu mbili, zote hazina HDMI, ni yale matundu madogo ya USB-C tu. Skrini yangu ina HDMI, USB-C moja, halafu kuna tundu la mraba kama la printa sijawahi kujua ni la nini. Swichi ya USB nitahitaji?

#4 Waya_Chini_ya_Meza

Dada hilo tundu la mraba ndilo jibu lako, huenda hununui swichi yoyote.

Skrini yako ina matundu ya kawaida ya USB pembeni, siyo? Kibodi na mausi chomeka hapo, kwenye skrini. Laptopu ya kwanza iunge kwa USB-C, waya mmoja unabeba picha, USB, na mara nyingi hata chaji. Laptopu ya pili picha iende HDMI (utahitaji kigeuzi cha USB-C kwenda HDMI), na waya mwingine wa USB utoke laptopu hiyo uingie kwenye lile tundu la mraba. Kisha fungua menyu ya skrini utafute sehemu inayofunga USB na chanzo cha picha, nyingi wameandika KVM waziwazi. Ukibadilisha picha, kibodi inafuata yenyewe.

Mambo mawili. Waya uwe wa kubeba picha. Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu ni za umeme na data ya USB 2.0 tu. Na laptopu zenyewe, siyo kila tundu la USB-C linatoa picha. Tafuta alama ya DisplayPort, ile herufi D yenye P ndani, au ya radi ya Thunderbolt pembeni ya tundu.

#5 Seva_Kumi_na_Sita

Mleta mada umeandika vizuri, ila umetaka kuua kifaa cha watu.

Mimi nalisha familia kwa kabati lenye mashine 16, mbele yake kuna kibodi moja na kioo kimoja cha kuvuta kama droo. Skrini yenye matundu 16 hakuna. Hapo KVM haina mbadala, na ile hali ya kirungu chako kufa ni huduma tuliyoiomba wenyewe.

Nieleze. Zamani kompyuta ikiwaka bila kibodi inasimama. Inaandika kwamba haioni kibodi, bonyeza F1 kuendelea. Tumecheka sana na huo ujumbe, bonyeza F1 kwa kibodi ipi? Sasa fikiria seva 16 zinawaka kwa pamoja baada ya umeme kurudi, na kibodi iko kwenye moja tu. Nyingine 15 zingesubiri F1. Ndipo KVM zikatengenezwa ziwe zinaigiza kibodi: kila mashine muda wote inaona kibodi na mausi bandia vilivyochomekwa, hata kama wewe uko kwingine. Faida nyingine, ukihama hakuna kusubiri mfumo utambue kifaa, inashika papo hapo. Hasara ni kwamba kibodi bandia ni kibodi ya kawaida kabisa, haijui kirungu wala taa za rangi wala kitufe cha tano cha mausi.

Kwenye KVM yako tazama matundu ya USB. Mengi yana mawili yenye picha ya kibodi na ya mausi, hayo ndiyo yanayoigizwa. Halafu kuna mengine ya USB ya kawaida. Ukihamishia kibodi kwenye la kawaida ziada zote zinarudi, ila unapoteza kuhama kwa vitufe (kwetu ni Scroll Lock mara mbili halafu namba ya mashine), na kila ukihama unasubiri sekunde moja mbili itambulike. Kuna za katikati zinazojifunza kibodi yako halisi na kuiigiza hiyohiyo. Bei yake usiulize.

#6 Waya_Chini_ya_Meza

Hiyo ndiyo sababu ya kihistoria niliyokuwa naisubiri. Heshima mkuu. Nakubali, kwa mashine 16 sina neno. Uzi wangu ni wa meza moja na kompyuta mbili au tatu.

Ila hiyo habari ya Scroll Lock: kibodi yangu haina hicho kitufe kabisa, na za sasa nyingi zimekiondoa. Mtu akinunua KVM aangalie kama inakubali kitufe kingine, mfano Ctrl mara mbili, kabla hajajikuta anatafuta kitufe kisichokuwepo.

#7 DadaKodi

Mbona hakuna aliyetaja programu? Mimi sina kiboksi wala swichi. Nina laptopu mbili kila moja na kioo chake, zimekaa bega kwa bega. Mshale ukifika ukingo wa kulia wa ya kwanza unatokea kushoto kwa ya pili, na kibodi inaufuata. Nanakili maneno huku nabandika kule. Mara ya kwanza kuona mshale unavuka nilihisi kama uchawi.

Zilizopo: Synergy ndiyo mama yao, ya mwaka 2001. Toleo lake huria siku hizi linaitwa Deskflow. Kuna tawi lilijitenga likaitwa Barrier, halijaendelezwa siku nyingi, warithi wake wakahamia Input Leap. Hizi zinafanya kazi Windows, Mac na Linux kwa pamoja. Kama mashine zote ni Windows, Mouse Without Borders ya Microsoft inatosha, tangu 2023 imo ndani ya PowerToys na inachukua kompyuta nne. Kama zote ni za Apple, kuna Universal Control tangu macOS 12.3 ya 2022, na iPad inaingia humo humo. Hiyo inataka akaunti moja ya Apple kwenye vifaa vyote na visikae mbali zaidi ya mita 10.

Kasoro nisizifiche. Skrini haigawanywi, kila mashine lazima iwe na kioo chake. Vyote vinapita kwenye mtandao, Wi-Fi ikiyumba mshale unaruka kama panzi; nilipounga zote mbili kwenye ruta kwa waya ikatulia. Na VPN ya kazini (ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) ikiwaka, kwangu ilikata kabisa mawasiliano na mashine ya pembeni mpaka niliporuhusu mtandao wa ndani kwenye mipangilio yake. Kazini kwako wakikataa kuruhusu, basi imeishia hapo.

#8 Seva_Kumi_na_Sita

Ongeza na hii dada: programu inaanza kufanya kazi mfumo ukishawaka. Ukitaka kuingia BIOS, ile mipangilio ya kabla mfumo haujawaka, au mashine imeganda, huna kibodi. Kibodi ya pili ikae droo ya karibu.

#9 DadaKodi

Ipo. Ina vumbi lakini ipo 😂

#10 Pengwini_Mkavu

Mtoa mada umesema unabonyeza mara mbili. Kile cha pili unaweza kukifuta bure bila kununua kitu.

Kompyuta inaweza kuiamuru skrini kupitia waya uleule wa picha, njia hiyo inaitwa DDC/CI. Unaweza kubadilisha mwanga, na unaweza kubadilisha tundu. Kwenye menyu ya skrini hakikisha DDC/CI imewashwa. Kisha kwenye Linux weka ddcutil na uandike:

`ddcutil capabilities`

Tafuta mstari ulioandikwa Feature: 60, hiyo 60 ndiyo namba ya chanzo cha picha. Chini yake utaona thamani ambazo skrini yako inakubali. Kwa kawaida 0x0f ni DisplayPort ya kwanza, 0x11 ni HDMI ya kwanza, 0x12 HDMI ya pili. USB-C kila mtengenezaji ana namba yake, soma ulichonacho. Halafu:

`ddcutil setvcp 60 0x11`

Skrini inahama. Windows kuna ControlMyMonitor ya NirSoft, inafanya kazi ileile kwa mstari mmoja:

`ControlMyMonitor.exe /SetValue Primary 60 17`

17 ni 0x11 kwa hesabu ya kawaida. Mac za chipu ya Apple kuna m1ddc.

Sasa utamu: kuna programu huria inaitwa display-switch. Unaiambia namba ya kibodi yako ya USB. Ikiona kibodi imeingia au imetoka, inaamuru skrini ibadilishe tundu. Yaani unabonyeza swichi ya USB tu, picha inafuata. Umeshajitengenezea KVM kwa swichi ya bei rahisi.

#11 Kasuku_wa_Usiku

Nimejaribu sasa hivi. Kutoka Linux kwenda laptopu ya Windows inahama safi kabisa, nimepiga kelele watu wakaamka. Kurudi haihami. Kibodi imerudi Linux, naandika amri kwa kubahatisha maana sioni kitu, skrini imeganda kwenye Windows. Nimeishia kubonyeza kitufe cha skrini.

#12 Pengwini_Mkavu

Skrini yako inasikiliza tundu linaloonyesha picha tu. Nyingi ziko hivyo. Linux ikiwa haionekani inaita na hakuna wa kuitika.

Suluhisho: anayeondoka ndiye anayesukuma. Weka display-switch kwenye mashine zote mbili, na kila moja uiambie kwamba kibodi IKITOKA peleka skrini kwa mwenzake. Sehemu hiyo kwenye faili la mipangilio ni `on_usb_disconnect`. Kibodi inapong'oka Windows, kwa sekunde hiyo Windows bado ndiyo iko kiooni, kwa hiyo amri yake inasikika.

#13 Kasuku_wa_Usiku

🙌🙌 Imekubali! Kama sekunde tatu hivi kioo cheusi, halafu ipo. KVM naiweka sokoni.

#14 Kimya_Kingi

Wakuu mimi nimeshanunua KVM na siwezi kuirudisha, kwa hiyo msiniambie nigeuze skrini. Ni ya HDMI 2.0, nimehakikisha. Tatizo: kila baada ya dakika chache skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili halafu picha inarudi. Nikiunga kompyuta moja kwa moja bila KVM, haitokei. Nimeamini kiboksi ni kibovu.

#15 Seva_Kumi_na_Sita

Kabla ya kukihukumu: nyaya zako zina urefu gani?

#16 Kimya_Kingi

Kutoka kompyuta hadi kiboksi mita 3. Kutoka kiboksi hadi skrini mita 3 pia, nimezungusha nyuma ya meza usionekane. Ule ule wa kwanza ndio ninaotumia nikiunga moja kwa moja.

#17 Seva_Kumi_na_Sita

Ndiyo hapo. Moja kwa moja ni mita 3. Kwa kupitia kiboksi ni mita 6, na katikati umeongeza viungo viwili. Viboksi vingi havifufui mawimbi, vinayapitisha yalivyochoka. 4K ya Hz 60 kwa waya wa shaba wa kawaida, ukipita mita 5 unaanza kuomba Mungu.

Jaribio lisilo na gharama: shusha picha iwe Hz 30, au 1920 kwa 1080, uiache saa moja. Kama weusi umekoma, kiboksi ni kizima, waya umezidiwa. Kisha tafuta waya mfupi wa kwenda kwenye skrini, mita 1, wenye lebo ya Premium High Speed (umepimwa kwa gigabiti 18) au Ultra High Speed (gigabiti 48).

#18 Mlinda_Lango

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyegusa jambo moja. Mtoa mada ametaja "laptopu ya kazini". Kazi yangu ni usalama wa mifumo kwa hiyo mnisamehe.

Programu za dada hapo juu zinagawana na kile ulichonakili. Ukinakili nywila kwenye mashine ya kazi, mashine ya nyumbani imeshaipata. Hilo unaweza kulizima kwenye mipangilio, zimeni. Pia ofisi nyingi zinakataza kufunga programu yoyote wasiyoijua, na hizi zinachukua udhibiti wa kibodi, kwa hiyo kinga ya mashine inaweza kuziona kama virusi. Kwa laptopu isiyo yako, swichi ya USB ni salama zaidi kwa mtu wa kawaida kwa sababu haifungi chochote.

Ila swichi ya USB nayo ina mtego. Usichomeke diski ya nje kwenye yale matundu ya kugawana. Ukibonyeza kitufe wakati faili linaandikwa, kwa kompyuta umeing'oa diski bila kuaga. Nimeona mtu amepoteza folda nzima ya picha kwa bonyezo moja. Na umeme: tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na swichi isiyo na chaja yake inagawa hizo kwa vifaa vyote vinne. Kamera ikianza kupotea katikati ya mkutano, tazama hapo kwanza.

Kwenye ofisi nyeti kuna KVM za aina yake, ambazo data ya kibodi inakwenda upande mmoja tu kuelekea kompyuta na diski hazikubaliwi kabisa, ili mashine moja isivujishie nyingine kupitia kifaa cha katikati. Nyumbani hamhitaji, ila mjue kwa nini zina bei ile.

#19 Mama_Faili

Ripoti: lile tundu la mraba limefanya kazi! Menyu ilikuwa imejificha chini ya "mengineyo". Nabonyeza kitufe kimoja cha skrini, kila kitu kinahama.

Swali jingine dogo. Shemeji yangu ananiambia ningenunua tu kibodi ya Bluetooth yenye namba 1, 2, 3 za kuhama. Ingekuwa sawa?

#20 Waya_Chini_ya_Meza

Shemeji hajakosea, ninayo moja kwa ajili ya safari. Inakumbuka vifaa vitatu, unabonyeza namba inahama. Lakini kibodi ni moja na mausi ni nyingine, kila moja inahamishwa kivyake, na siku ya haraka utajikuta unaandika kwenye laptopu huku mausi iko kwenye kompyuta. Pia laptopu yangu ya kazini diski yake imefungwa kwa nywila inayoulizwa kabla mfumo haujawaka. Pale Bluetooth bado haijaamka, kibodi haionekani. Nafungua kifuniko naandika kwa kibodi ya laptopu kila asubuhi.

Na kwa kuwa umetaja laptopu mbili: ukifunga kifuniko, nyingi zinalala. Windows nenda kwenye mipangilio ya umeme, useme kufunga kifuniko kusifanye kitu ikiwa kwenye chaji. Mac iwe kwenye chaji, skrini ya nje iwe imeungwa, na kibodi iwepo, vinginevyo nayo inalala.

#21 Kimya_Kingi

Narudi na majibu. Juzi nilishusha Hz 30, jioni nzima haikuzima hata mara moja. Jana nimepata waya wa mita 1 wa Premium, nimekisogeza kiboksi kikae kwenye ukingo wa meza karibu na skrini, nimerudisha Hz 60. Tangu asubuhi saa mbili hadi sasa saa nne usiku haijazima.

Waya unaonekana sasa, unaning'inia mbele kabisa. Mke wangu ameuliza ule uliokuwa umefichwa vizuri umekwenda wapi.

#22 Seva_Kumi_na_Sita

Mwambie umechoka 😂